Risasi ya Kusubu na Chemba ya Bunduki ya Wenzo: Historia ya Kuoanisha Umbo na Kipimo Nchini Marekani, 1860–1970

Ikisiri

Bunduki ya wenzo iliyoundwa Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 19 ilimwezesha mtumiaji kufyatua risasi nyingi bila kushindilia upya, lakini ilimfunga katika masharti matatu kuhusu risasi yenyewe: umbo la pua, urefu na kipenyo. Makala haya yanachunguza namna masharti hayo yalivyojitokeza tangu 1860, namna mafundi wa kalibu walivyoyakabili, na namna maarifa yao yalivyovurugika pale baruti isiyo na moshi ilipochukua nafasi ya baruti nyeusi. Hoja kuu ni kwamba jina lililochongwa juu ya mtutu halikuwa kipimo, bali ahadi ya kiwanda. Kipimo halisi kilikuwa ndani ya chemba, na kila kizazi cha watumiaji waliosubu risasi zao wenyewe kililazimika kukitafuta upya.

1.0 Utangulizi

Neno risasi katika Kiswahili lina maana mbili ambazo lugha nyingi za Ulaya huzitenganisha. Ni jina la madini mazito yanayoyeyuka kwa moto mdogo, na ni jina la kitu kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na maana zake mbili zinaonesha enzi ambayo mwenye bunduki alikuwa pia msubu wake: aliyeyusha madini, akayamimina katika kalibu, akaondoka na alichokihitaji. Neno kalibu nalo ni la Kiarabu, na wanaisimu wengi wa Ulaya huliona kuwa chimbuko la neno kaliba, linalotaja upana wa tundu la mtutu. Kamusi za kale za Kiswahili zina neno la tatu linalofaa katika mjadala huu, nalo ni kiasi, ambalo pamoja na maana ya kipimo lilitumika kutaja risasi kamili, yaani ganda, baruti na risasi vikiwa kitu kimoja. Katika makala haya, viasi vina maana hiyo ya zamani, na risasi ni kile kipande kinachoruka. Madini yanapokusudiwa, yanatajwa kwa jina la madini ya risasi.

Bunduki ya wenzo haikuwa ngeni kabisa katika Afrika Mashariki. Henry Morton Stanley, katika safari yake ya 1871 ya kumtafuta David Livingstone, alikuwa na Winchester miongoni mwa silaha zake. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwezi Aprili 1909 kwa safari ya uwindaji, alibeba Winchester ya 1895 yenye wenzo. Hata hivyo, bunduki zilizoenea mikononi mwa wapagazi na wawindaji wa bara zilikuwa za kushindilia kwa mdomo, na Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikusudia zibaki hivyo: ulizuia silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika na kuacha mwanya kwa gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu na kwa baruti ya kawaida. Tofauti hii ina maana kubwa. Gumegume humeza karibu risasi yoyote inayopita mdomoni mwake. Bunduki ya viasi hudai kipimo, na anayekitawala kipimo humtawala mwenye bunduki. Swali la makala haya ni namna watumiaji wa kawaida wa Marekani, waliokuwa huru kumiliki silaha hizo, walivyojitwalia uwezo wa kupima.

2.0 Kutoka ganda la kutupa hadi ganda la kujaza

Mzizi wa bunduki ya wenzo ni jaribio la Walter Hunt, aliyepata hataza mwaka 1848 kwa risasi yenye uwazi nyuma, baruti ikiwa imejazwa ndani ya uwazi huo. Bastola na bunduki za Volcanic zilizofuata katika miaka ya 1850 zilitumia wazo hilo, lakini nafasi ya baruti ilikuwa ndogo na nguvu yake ilikuwa hafifu. Benjamin Tyler Henry, akifanya kazi chini ya Oliver Winchester, alipata hataza yake mwezi Oktoba 1860. Bunduki yake ilibeba viasi vya ganda la shaba vya kaliba ya 44 katika bomba refu chini ya mtutu. Wenzo uliposhushwa na kurudishwa, ganda tupu lilitoka, kiasi kipya kikapanda na kuingia katika chemba.

Viasi vya Henry vilikuwa na kasoro moja kwa mtu aliyeishi mbali na duka. Dawa ya kuwashia ilikuwa imesambazwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na pini ya bunduki iliuponda ukingo huo. Ganda lililokwisha kupondwa halikuweza kutumika tena. Winchester ya 1866, pamoja na mlango wa pembeni wa kujazia uliobuniwa na Nelson King, haikubadilisha jambo hilo. Mabadiliko yalikuja na Winchester ya 1873 na kiasi chake cha 44-40. Nambari ya kwanza ilitaja kaliba, na ya pili ilitaja punje 40 za baruti nyeusi. Punje ni kizio cha kale ambacho takribani 15.4 zake hufanya gramu moja. Hivyo baruti ilikuwa kama gramu 2.6, na risasi ya punje 200 ilikuwa kama gramu 13. Jambo kubwa zaidi ni kwamba fataki iliwekwa katikati ya kitako cha ganda. Iliwezekana kuing'oa na kuweka nyingine, kisha ganda likajazwa upya.

Kiwanda chenyewe kilikubali matokeo hayo. Katika miaka ya 1870 Winchester ilianza kuuza koleo za kujazia pamoja na kalibu za kusubia. Mfugaji au mwindaji aliyekaa siku kadhaa kutoka mji wa karibu aliweza kununua fataki, baruti na madini ya risasi kwa uzito, akatengeneza viasi kando ya meko yake. Kuanzia hapo, maarifa ya umbo la risasi hayakuwa tena siri ya kiwanda peke yake.

3.0 Masharti matatu ya bunduki ya wenzo

3.1 Pua

Katika bomba lililo chini ya mtutu, viasi hulala kwa mstari, pua ya kimoja ikigusa kitako cha kilicho mbele yake. Fataki ilipohamia katikati ya kitako, pua ya risasi ilianza kutazamana na dawa ya kuwashia ya mwenzake. Bunduki inaporudi nyuma baada ya kufyatuliwa, mstari mzima hupigwa kwa ghafla. Pua iliyochongoka ingeweza kufanya kazi ya pini na kuwasha bomba zima mbele ya mkono wa mpigaji. Kwa hiyo risasi za bunduki za wenzo zilipewa pua bapa, au duara pana lisiloweza kuponda fataki. Umbo hilo, ambalo leo wengi hulidhania kuwa lilichaguliwa kwa ajili ya kuumiza windo, lilitokana kwanza na hitaji la usalama. Waliotaka risasi iliyochongoka walilazimika kubadilisha ghala la viasi: Winchester ya 1895, iliyobuniwa na John Browning, iliviweka viasi kimoja juu ya kingine katika kisanduku, na Savage ya 1899 ikavizungusha katika gurudumu.

3.2 Urefu

Sharti la pili lilitoka katika kipandishio, yaani kipande kinachokipokea kiasi kutoka katika bomba na kukiinua hadi usawa wa chemba. Katika Henry na katika Winchester za 1866 na 1873, kipandishio ni bonge la shaba linalopanda wima, na nafasi yake ya ndani ilikatwa kufuata urefu wa kiasi kimoja. Kiasi kirefu kupita nafasi hiyo hubaki nusu ndani ya bomba na kuuzuia mtambo. Kiasi kifupi mno huruhusu kitako cha kile kinachofuata kuchungulia ndani ya kipandishio, na mtambo hukwama vilevile. Urefu wa juu kabisa uliokubalika kwa 44-40 ni inchi 1.592, karibu milimita 40.4. Msubu aliyebuni risasi yenye pua ndefu zaidi, hata kama ilikuwa bora katika bunduki ya risasi moja moja, alijikuta na viasi visivyopanda.

3.3 Kipenyo na koo

Sharti la tatu halionekani kwa macho. Mbele ya chemba kuna koo, mahali ambapo ukuta laini wa chemba unakutana na matuta na mifereji inayoizungusha risasi. Risasi ya kusubu inapaswa kuijaza mifereji hiyo. Ikiwa nyembamba, gesi ya moto hupita ubavuni mwake, huyeyusha madini na kuyapaka ndani ya mtutu, na risasi hupoteza shabaha. Ikiwa nene, huenda ganda likavimba mdomoni kiasi cha kukataa kuingia katika chemba, au risasi ikagota katika koo kabla mtambo haujafunga. Hapo tofauti kati ya wenzo na komeo hudhihirika. Komeo la bunduki za kijeshi lina nguvu ya kukisukuma kiasi kinachobana. Wenzo wa bunduki nyingi za zamani una nguvu kidogo ya kufanya hivyo. Mpigaji akilazimisha, kisha akataka kukitoa kiasi bila kukifyatua, risasi hunasa katika koo, ganda hutoka tupu, na baruti humwagika ndani ya mtambo.

Majina ya viasi hayakumsaidia msubu katika jambo hili. Kiasi kilichoitwa 38-40 kilikuwa na risasi ya kipenyo cha takriban inchi 0.401, yaani karibu zaidi na 40 kuliko 38. Kipenyo cha kawaida cha mifereji ya 44-40 kilikuwa inchi 0.427, lakini mitutu iliyobaki kutoka karne ya 19 hutofautiana kwa elfu kadhaa za inchi. Zana za kukatia mifereji zilichakaa kadiri zilivyotumika, na bunduki ya Jumatatu haikuwa pacha wa bunduki ya Ijumaa. Wasubu makini walijifunza njia mbili za kuuliza chuma chenyewe. Ya kwanza ni kupitisha kipande cha madini laini ya risasi ndani ya mtutu uliopakwa mafuta, kisha kukipima kilipotokea. Ya pili ni kumimina salfa iliyoyeyuka katika chemba tupu ili kupata nakala ya ndani yake. Kwa njia hizo mtu alijua bunduki yake inataka nini, bila kutegemea maandishi yaliyo juu ya mtutu.

4.0 John Barlow na maarifa ya kalibu

Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal katika mji wa New Haven, Connecticut, mji uleule wa viwanda vya Winchester na Marlin. Ideal haikutengeneza bunduki wala viasi. Ilitengeneza kalibu, koleo za kujazia na vipimio vya baruti, na ilichapisha vitabu vya mwongozo vilivyojaa michoro ya risasi. Mchango wake mkubwa kwa historia ni mpangilio wa nambari. Kila kalibu ilipewa nambari ambayo tarakimu zake tatu za mwanzo zilitaja kipenyo kwa elfu za inchi, na zilizobaki zilitaja umbo. Kwa hiyo 42798 ni umbo la 98 katika kipenyo cha 0.427, na 31141 ni umbo la 41 katika kipenyo cha 0.311.

Mpangilio huo ulifanya jambo ambalo majina ya viwanda hayakulifanya: ulitenganisha kiasi na risasi. Mwenye bunduki hakuuliza tena ni risasi gani ya 44-40, bali ni umbo lipi na kipenyo kipi kinachofaa chemba yake. Maelekezo yalimtaka apime kwanza, ndipo aagize. Marlin iliinunua Ideal mwaka 1910, kisha Lyman ikaichukua mwaka 1925 na kuendeleza nambari zilezile, baadaye zikiwa na tarakimu sita: 42798 ikawa 427098, na 31141 ikawa 311041. Ni nadra kwa kifaa cha ufundi wa nyumbani kuwa na kumbukumbu isiyokatika kwa zaidi ya karne moja.

5.0 Baruti mpya, tatizo jipya

Risasi 42798 inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa inaonesha namna umbo linavyoweza kubeba dhana iliyosahauliwa. Risasi hiyo, iliyofuata ile ya awali ya Winchester, haina mkato wa kubania, yaani mfereji ambao mdomo wa ganda hukunjwa ndani yake ili kuishika risasi. Fundi wa leo anaweza kuuona upungufu huo kama uzembe. Haukuwa uzembe. Punje 40 za baruti nyeusi zilijaza ganda hadi kwenye kitako cha risasi, na risasi ilikaa juu ya baruti kama kifuniko juu ya gunia lililoshindiliwa. Springi ya bomba haikuweza kuisukuma ndani, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kwenda.

Mwaka 1895 kiasi cha 30-30 kiliingia sokoni kwa ajili ya Winchester ya 1894, kikiwa na baruti isiyo na moshi na mtutu wa chuma kilichochanganywa na nikeli. Baruti mpya ilikuwa na nguvu kubwa katika ujazo mdogo. Wasubu walipoitumia katika maganda ya zamani, nusu ya ganda au zaidi ilibaki tupu. Risasi isiyo na mkato, ikisukumwa na springi na kupigwa na mrudio wa bunduki, iliweza kuzama ndani ya ganda. Ujazo ukipungua, mgandamizo huongezeka, na kiasi kifupi hukwamisha kipandishio. Umbo lililokuwa sahihi kwa miaka 20 likawa la hatari bila kubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kile kilichokuwa nyuma yake. Ndiyo sababu kalibu za baadaye za 44-40 zilichongewa mkato wa kubania.

Viwanda navyo vilichangia mkanganyiko. Mapema katika karne ya 20 Winchester iliuza viasi vya 44-40 vya kasi kubwa kwa ajili ya bunduki ya 1892, iliyokuwa na mtambo imara wa Browning, huku ikionya visitumike katika ile ya 1873. Chemba za bunduki zote mbili zilivipokea bila kipingamizi. Kwa mara nyingine, kuingia katika chemba hakukuwa uthibitisho wa kufaa.

Kwa upande wa 30-30, tatizo lilikuwa kasi. Madini laini ya risasi yalishindwa kushika mifereji katika kasi ya baruti mpya, na kitako chake kiliungua. Jibu lilikuwa na sehemu tatu. Kwanza, madini yalichanganywa na bati na antimoni ili yawe magumu. Pili, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, Ideal ilianza kuuza kikombe kidogo cha shaba kinachovishwa kitako cha risasi ili kuikinga na gesi. Tatu, umbo lenyewe liligawanywa: sehemu ya mbele ilisubiwa kwa kipenyo kinacholala juu ya matuta, karibu inchi 0.300, na sehemu ya nyuma ikawa na mikanda minene zaidi kidogo ya kipenyo cha mifereji, ambacho ni 0.308. Risasi 31141 ilikusanya masuluhisho hayo: pua bapa kwa ajili ya bomba, mkato wa kubania kwa ajili ya springi, urefu unaokubalika na kipandishio, na kikombe cha shaba kwa ajili ya kasi. Masharti yote ya bunduki ya wenzo yanasomeka katika umbo lake.

6.0 Kipimo kinapopotea

Mwaka 1926 viwanda vya Marekani viliunda taasisi ya pamoja ya kusanifisha silaha na viasi, na tofauti kati ya chemba za kiwanda kimoja na kingine zikapungua. Hata hivyo, usanifishaji ulilenga viasi vya kiwandani vyenye risasi iliyovikwa shaba. Msubu alibaki pembeni.

Mifano miwili inatosha. Wa kwanza ni risasi 429421 iliyobuniwa na Elmer Keith kwa ajili ya bastola za 44 Special. Ina pua ndefu na mkanda mpana wa kipenyo kamili mbele ya mkato wa kubania, na katika bastola ilipata sifa inayostahili. Kiasi cha 44 Magnum kilipotokea katikati ya miaka ya 1950, na Marlin ilipoifufua bunduki yake ya 1894 kwa kiasi hicho mwaka 1969, wengi walidhani risasi iliyotukuka katika bastola ingefaa katika bunduki. Ikibanwa katika mkato wake ndani ya ganda la Magnum, pua yake hupita urefu unaotakiwa na kipandishio, na mkanda wake wa mbele unaweza kugota katika koo. Kosa halikuwa la risasi wala la bunduki. Vilikuwa vitu viwili vilivyobuniwa kwa ajili ya vyumba tofauti. Zaidi ya hayo, mitutu mingi ya Marlin ya kiasi hicho ina mifereji ya inchi 0.431 au zaidi, ilhali kalibu za bastola ziliandikwa 429.

Mfano wa pili ni 38-55, kiasi cha miaka ya 1880. Mitutu ya zamani ilikuwa na mifereji ya takriban inchi 0.379, lakini viwanda vya baadaye vilitengeneza risasi nyembamba zaidi, karibu 0.375 hadi 0.377, na baadhi ya chemba mpya zikabanwa kufuata risasi hizo. Palitokea bunduki zenye mtutu wa kale na shingo ya chemba ya kisasa: risasi iliyotosha mifereji ilivimbisha ganda likakataa kuingia, na ganda lililoingia lilishika risasi isiyotosha mifereji. Hakuna kalibu iliyoweza kumaliza ugomvi huo peke yake, kwa kuwa ugomvi ulikuwa ndani ya bunduki.

7.0 Hitimisho

Historia hii inaonesha kwamba risasi ya kusubu haikuwa mabaki ya zama za umaskini zilizosubiri kufutwa na kiwanda. Ilikuwa uwanja wa maarifa uliokwenda sambamba na kiwanda, ukikirekebisha na mara nyingine ukikikosoa. Pua bapa ilizaliwa na bomba, urefu ulizaliwa na kipandishio, mkato wa kubania ulizaliwa na nafasi tupu iliyoachwa na baruti mpya, na kikombe cha shaba kilizaliwa na kasi. Anayetazama umbo peke yake, bila kujua chemba iliyolidai, huliiga kosa pamoja na hekima.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, jambo hili lina uzito wake. Mfumo wa Mkataba wa Brussels uliwanyima wengi wa Waafrika bunduki ya viasi, na kwa hiyo uliwanyima pia safari ya maarifa iliyofuata: kupima, kusubu, kukosea na kusahihisha. Lugha, hata hivyo, ilihifadhi msingi wake. Watu walioita kitu hicho kiasi walikuwa wamekwisha kutamka jambo ambalo mafundi wa New Haven walilifikia baada ya miongo ya majaribio: kinachoingia katika chemba, kabla ya kuwa silaha, ni kipimo.